Matanga ya Kituo cha Afya

Kituo cha Afya cha Nakwale kilikuwa na kila kitu isipokuwa wagonjwa. Si kwamba wagonjwa hawakuwepo. Walikuwepo tele, ila walikuwa nje. Ndani kulikuwa na vitanda ambavyo magodoro yake yalikuwa bado yamevalishwa nailoni, kabati la dawa lililojaa hadi juu, mizani ya watoto, kitanda cha kujifungulia, na mjusi mmoja aliyeingia na kutoka bila kumwomba mtu ruhusa. Mpaka msimu wa korosho ulipokuwa unaelekea ukingoni, mjusi huyo ndiye kiumbe pekee aliyekuwa amenufaika na mradi.

Mlangoni palifungwa utepe mwekundu wa kung'aa, ulionunuliwa Nachingwea pamoja na mkasi wake kwenye duka la mapambo ya harusi. Utepe ulimsubiri mgeni rasmi aje kuukata. Kituo kiliusubiri utepe. Wanawake wenye mimba walikisubiri kituo. Maendeleo, kama mnavyojua, hayana haraka. Wenye haraka ni watoto wanaotaka kuzaliwa.

Mwanaima alipita hapo kila alipokwenda shamba, na kila alipopita aliutazama ule utepe kwa jicho la mama mkwe. Alikuwa na sababu. Serikali ilileta bati, saruji na fundi. Wananchi walitoa nguvu zao, kwa kuwa nguvu ndicho kitu ambacho mwananchi hachelewi kuombwa. Wanaume walisomba mchanga kutoka korongoni, wanawake walibeba maji. Maji yaliyokoroga zege la msingi yalipita juu ya kichwa cha Mwanaima, ndoo kwa ndoo, na mpaka leo shingo yake ikigeuka hulia kama bawaba. Siku ya kuweka jiwe la msingi alikuja mkubwa mmoja, akashika mwiko wa fundi kwa ncha za vidole, akapaka saruji kidogo, akapigwa picha. Huyo ndiye aliyejenga. Jina lake liko ukutani.

Mwanaima kijijini walimwita Mama Zulekha, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na waliendelea kumwita hivyo hata baada ya Zulekha kufa. Zulekha alifariki wakati kituo kikiwa bado boma, kuta tupu zisizo na paa, mbuzi wakilala ndani. Uchungu ulipomzidi alipakiwa kwenye bodaboda, dereva mbele, mama yake nyuma akimshikilia. Walipita mbele ya boma hilo. Zulekha akaligeukia, akauona mkanda wa zege juu ya madirisha, akasema, "Mama, kumbe wameshafika kwenye lenta." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Alifia korongoni kabla ya kuifikia barabara kubwa, na mtoto wake tumboni.

Matanga yalipoisha, Mwanaima alirudi kwenye zamu ya maji. Watu wakasema yule mama ana moyo wa jiwe. Hakuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa na binti mwingine.

Binti huyo ni Tunu, na sasa Tunu naye alikuwa na mimba kubwa. Mumewe alikuwa kwenye machimbo ya Namungo akitafuta dhahabu, ambayo tangu aondoke ilikuwa inakaribia kuonekana. Tunu akarudi kwa mama yake kama wafanyavyo wengi kwa mimba ya kwanza, na Mwanaima akampeleka kwa nesi.

Nesi alikuwepo, tena wa serikali. Felomena, mtu wa Mbinga, alikuwa ameshapangiwa kituo, ameshapewa nyumba, na mshahara wake unaingia. Alichokatazwa ni kazi tu. Aliambiwa asiguse kitu hadi kituo kifunguliwe rasmi. Kwa hiyo akawa anapima matumbo ya wajawazito jikoni kwake, mlango umerudishwa, kama mtu anayeuza gongo.

Alimpapasa Tunu, kisha akampapasa tena.

"Mama Zulekha," alisema, "huyu mtoto kakaa vibaya. Kichwa kiko juu, matako chini. Anaweza kugeuka, anaweza asigeuke. Nakuomba kitu kimoja tu: huyu asizalie nyumbani."

"Azalie wapi, nesi?"

Felomena akatazama dirishani. Kutoka jikoni kwake ule utepe ulionekana vizuri sana.

Ufunguo wa kituo alikuwa nao mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hemedy. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Kituo hicho alikifuatilia wilayani mpaka soli za viatu zikaisha. Tatizo lake ni kwamba aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni mkubwa kukunja uso. Kwa ajili ya siku ya ufunguzi alishonesha suti ya kijivu, na ufunguo akauweka kwenye mfuko wa ndani wa koti la suti hiyo, upande wa moyo.

Ufunguzi wenyewe ulikuwa umeshaahirishwa. Mara ya kwanza mgeni rasmi alipata safari. Mara ya pili tarehe iliangukia siku ambayo timu ya Namungo inacheza nyumbani, na hapo hata Mwanaima alikubali kwamba hoja ina uzito. Ng'ombe wa sherehe alikuwa ameshaliwa na kamati ya maandalizi, ili asikonde. Sasa mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na kila mtu Nakwale alijua kwamba mvua ikikolea korongo hujaa, na korongo likijaa kijiji hugeuka kisiwa. Hemedy akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi, nimepigiwa simu. Mgeni rasmi ameona ni busara aje mvua zikiisha, barabara iwe inapitika."

Mwanaima akasimama. "Mwenyekiti, korongo likijaa mgeni hawezi kupita. Hilo tumelielewa. Sasa wenye matumbo watapitaje?"

"Mtani, huo ndio utaratibu."

"Huo utaratibu unazalisha?"

Watu wakacheka. Hemedy naye akacheka, maana hakuwa na ruhusa ya kufanya vingine.

Hapa lazima ieleweke. Mwanaima ni Myao, Hemedy ni Mmwera, na koo zao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana sokoni, kukupokonya kofia, kukuita mchoyo mbele ya wakwe zako, na wewe huruhusiwi kununa. Msibani ndiko utani unakoota meno. Watani huvaa nguo za marehemu, humwigiza alivyokuwa akitembea, hukaa njiani wakazuia shughuli yote mpaka wafiwa wawape wanachotaka. Hakuna mfiwa anayewanyima. Mfiwa akinuna mbele ya watani, aibu yake watairithi wajukuu.

Mwanaima aliwaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Barua zilishaandikwa. Wajumbe walishatumwa. Kilichobaki ni kufiwa.

Kesho yake asubuhi kijiji kiliamshwa na vilio kutoka kituoni. Waliokimbilia huko waliwakuta wanawake wa Kiyao wamekaa barazani kwenye mikeka, khanga viunoni, majivu usoni, sufuria kubwa la mbaazi limeshabandikwa mekoni. Katikati yao bibi mmoja mnene amelala chali, kafungwa kitambaa chekundu kifuani, macho kayafumba, hasemi na mtu. Huyo ndiye aliyekuwa kituo.

"Jamani, nani kafa?"

"Kituo," Mwanaima alijibu, akajifuta machozi yasiyokuwepo. "Kituo cha Afya cha Nakwale hatunaye. Kafa bikira, hajaguswa na mgonjwa hata mmoja."

"Na dua ataisoma nani?"

"Dua hakuna hapa. Mungu hataniwi. Anayetaniwa ni Mmwera."

Kicheko kikapasuka uwanja mzima. Hemedy alifika mbio, msuli chini, koti la suti juu, kwa kuwa alipoambiwa kuna watu wengi kituoni alidhani mgeni rasmi kafika ghafla. Mwanaima akamwangukia miguuni.

"Pole, mfiwa! Pole, mtani wangu! Na ulivyomlea kwa shida!"

Hemedy akatazama kulia na kushoto. Wazee wenzake walikuwa wanamchungulia kuona kama atanuna. Alifikiri kidogo, akavua kofia, akaenda kukaa upande wa wafiwa, akashika tama.

"Ahsanteni kwa kuja," alisema. "Ndiyo hali."

Mwanaima akasimama kusoma wasifu wa marehemu, bila karatasi. "Marehemu alizaliwa kwa jiwe la msingi, baba yake akampaka saruji kwa vidole viwili, akaondoka, hajaonekana tena. Akakua kwa maji ya vichwa vyetu. Utotoni alilaza mbuzi. Alipopata paa akaota kiburi, akawa hasemi na maskini. Ameacha mjusi mmoja, mkasi, na suti ya kijivu." Watu walishika mbavu. Hata Hemedy, tama mkononi, mabega yalikuwa yanamcheza.

"Alipofika kwenye lenta," Mwanaima akaendelea. "Alipofika kwenye lenta…"

Sauti ikamgomea. Akajaribu tena.

"Alipofika kwenye lenta, mwanangu alipita hapa."

Kicheko kikakatika. Majivu usoni mwake yakaanza kupata michirizi. Mwanaima akakaa chini palepale, juu ya saruji iliyokorogwa kwa maji yake, akamlilia Zulekha kama ambavyo hakumlilia siku ya mazishi. Siku ile alikuwa na wageni wa kupokea na watu wa kuwatuliza. Leo hakuwa na wa kumpokea wala wa kumtuliza. Wenzake, ambao kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia, mtoto au dada au mkwe aliyeishia kwenye lile korongo, wakalia naye. Utani ulikuwa umeondoka bila kuaga.

Ni wakati huohuo ambapo mtendaji wa kijiji alifika na pikipiki yake. Methodius alikuwa mgeni, katokea Bukoba, kijana mwenye adabu na elimu yake, na habari za utani wa huku hakuna aliyekuwa amekumbuka kumweleza. Alichokiona ni hiki: wanawake wanalia machozi ya kweli, mama wa mjamzito anagaagaa sakafuni, mtu kalazwa kwenye mkeka, kimya, mwenyekiti kashika tama. Tunu mwenyewe haonekani. Mtu mwenye akili zake angejumlisha, na Methodius alikuwa na akili zake.

"Mzee Hemedy, poleni sana. Kuna msiba?"

Hemedy hakuweza kuvunja desturi mbele ya wazee. "Msiba upo, mtendaji. Watani wameshakaa."

"Amefia hapahapa kituoni?"

"Hapahapa," alisema Hemedy, kwa huzuni iliyomshangaza mwenyewe.

Methodius hakutaka kumhoji mfiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shule, ambako ndiko mtandao unakopatikana, akapiga simu wilayani. Mjamzito amefariki kwenye Kituo cha Afya cha Nakwale, alisema, mlangoni, mlango ukiwa umefungwa.

Hapo ndipo Nakwale ilipojifunza jinsi wakubwa wanavyoweza kukimbia. Mjamzito aliye hai hana gari. Akifa anapata gari, simu zisizokatika, kikao, na maelezo ya kimaandishi. Mbaazi za matanga zilikuwa bado hazijaiva, Landkruza ikaingia uwanjani na vumbi lake, gari la wagonjwa nyuma. Ile barabara isiyopitika ilikuwa imepitika vizuri kabisa.

Akashuka Daktari Abel, mganga mkuu wa wilaya, jasho likimtiririka. "Marehemu yuko wapi?"

Methodius akaelekeza mkekani kwa heshima. Bibi aliyekuwa kituo, ambaye kwa kulala sana alikuwa amepitiwa na usingizi wa kweli, akainuka, akapiga chafya, akaomba maji ya kunywa.

Daktari hajafungua kinywa, upande wa mashambani akatokea Tunu. Alikuwa anakuja polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye fimbo, khanga yake imelowa chini. Alikuwa amemtafuta mama yake nyumbani, akamkosa, akafuata kilio.

"Mama," alisema, "chupa imepasuka."

Methodius alimtazama marehemu wake akitembea, akakaa chini bila kuchagua mahali.

"Mmetuita kwa uongo!" Daktari Abel alifoka. "Mnajua hii ni kesi? Mnajua nimewaacha watu kwenye kikao?" Mwanaima alikuwa ameshamshika bintiye, Felomena ameshafungua mlango wa gari la wagonjwa, na wanawake wamesimama na khanga zao kuziba. Felomena alimpima Tunu humo garini. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Daktari, mtoto hajageuka. Njia imeshafunguka, na yanayotangulia ni matako. Tukimpeleka hospitali ya Ruangwa hafiki. Korongoni tu pale…" Hakumaliza, kwa sababu Mwanaima alikuwa anamsikiliza.

Hasira za daktari zikamtoka mara moja. Akaingia mwenyewe kumpima, akatoka anakunja mikono ya shati. "Garini siwezi. Nataka kitanda cha kujifungulia, nataka taa, nataka nafasi ya kugeuza mikono." Akageuka kukitazama kituo, chenye kitanda, chenye taa, chenye nafasi. Akauona utepe.

"Lakini hiki hakijafunguliwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kesho ataulizwa.

Tunu akapiga ukelele ndani ya gari. Mwanaima alizijua kelele hizo. Alishawahi kuzisikia zikipungua. Hakuwa na nguvu ya kutania, ila hakuwa na kitu kingine mkononi. Akamwendea Hemedy, akasimama mbele yake, majivu na machozi usoni, akakinga mikono miwili.

"Mtani. Msiba wako nimeulilia, marehemu wako nimemsifia. Watani hatujapewa chetu. Maiti hatuiachii."

Hemedy akamtazama daktari, ambaye alikuwa amekunja uso, tena uso wa mkubwa. Kisha akaitazama ile mikono.

"Mnataka nini, watani?" aliuliza, kama desturi inavyotaka.

"Ufunguo."

Hemedy akaingiza mkono upande wa moyo. "Daktari, tusamehe," alisema bila kumwangalia. "Ni mila zetu. Mtani msibani hanyimwi." Tangu aingie kwenye uongozi, hakuna aliyewahi kumsikia akisema na mtu wa wilayani kwa sauti ile.

Mlango ukafunguliwa, ukabaki utepe. Msidhani kuna aliyeukata. Utepe wa mgeni rasmi haukatwi ovyo. Daktari Abel mwenyewe aliuinua kwa mkono wake, wanawake wakampitisha Tunu chini yake, ameinama na uchungu wake. Halafu daktari akaushusha taratibu usije ukakunjamana, ndipo akakimbia kunawa.

Mabomba yalikuwa mazuri, ya kung'aa. Maji tu ndiyo hayakuwa yamealikwa. Wanawake hawakuulizana, kila mmoja aliokota ndoo na kushika njia ya kisimani. Mwanaima naye aliinua ya kwake, Felomena akamnyang'anya.

"Wewe ingia kwa mwanao, mama. Maji yako ulishayabeba."

Kumbe Abel alikuwa daktari kweli. Miaka ya vikao haikuwa imeisahaulisha mikono yake. "Usisukume," alikuwa anasema, kwa upole ambao hakushuka nao garini. "Bado. Mwachie aje mwenyewe. Haya, mwanangu, sasa." Matako yakaja, na miguu, na mgongo mdogo unaoteleza. Kisha kila kitu kikasimama. Kichwa kilikuwa kimebaki. Mwanaima alimshika Tunu mkono, na kwa kuwa hakuweza kutazama chini alitazama juu, kwenye ukuta, juu ya dirisha, pale lenta ilipopita. Alimwomba Mungu kwa Kiyao, kwa Kiswahili, na kwa maneno yasiyo ya lugha yoyote. Alimwambia kwamba mmoja anatosha.

Kikaja kilio chembamba chenye hasira.

Nje vigelegele viliwashtua kunguru. Msiba ukavunjwa rasmi, mbaazi zikaliwa kwa furaha, na Methodius akapewa sahani ya kwanza kwa kuwa ndiye aliyeleta gari. Mtoto alikuwa wa kike. Hakuna aliyeuliza ataitwa nani.

Sasa msije mkadhani kwamba kituo kilikuwa kimefunguliwa. Kilikuwa kinatibu tu. Mvua zilinyesha, korongo likajaa, na Nakwale nzima ikaja kutibiwa kwa kuinama chini ya utepe. Wazee wenye migongo mibovu walilalamika, wengine wakaamini kwamba kule kuinama ni sehemu ya dawa. Wilayani hawakuandika kukataza na hawakuandika kuruhusu. Mgeni rasmi alikuja mvua zilipoisha, kama alivyosema, maana ahadi ni deni. Ng'ombe wa pili akachinjwa, suti ya kijivu ikapigwa pasi, na mkasi wa dukani ukaletwa juu ya kisahani.

Mgeni rasmi alikata utepe kwa mkato mmoja safi. Kisha akashika kipaza sauti.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna mama wa Nakwale atakayejifungulia njiani!"

Makofi yakapigwa. Mgeni akamwona Tunu, aliyewekwa mstari wa mbele na mtoto wake kwa ajili ya picha. "Na huyu mrembo? Kazaliwa wapi?"

Tunu alifungua kinywa. Nyuma ya mgeni rasmi Daktari Abel akakohoa. Kituo hakiwezi kuzalisha kabla hakijafunguliwa, hilo mtoto wa darasa la kwanza anajua, na ingebidi mtu aeleze. "Njiani, Mheshimiwa," daktari akawahi kusema. "Ilikuwa kabla ya ufunguzi."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa huruma. "Mnaona, ndugu zangu? Haya ndiyo tunayoyakomesha leo."

Mwanaima alisimama kutoka kwenye mkeka wa kina mama. Hakuwa ameitwa.

"Mheshimiwa, shikamoo. Njiani ni alikofia mama yake mkubwa, yule aliyemrithisha jina. Huyu kazaliwa humo ndani, kitanda kile cha dirishani. Huyo daktari anayekohoa ndiye aliyempokea, na nitamshukuru mpaka kufa kwangu. Ila mjukuu wangu msimrudishe njiani."

Mgeni rasmi akacheka, akawageukia wenzake wa jukwaani. "Niliambiwa huku kusini mna utani mkali!" Jukwaa zima likacheka. Uwanja nao ukaanza kucheka, kidogokidogo, kwa adabu. Mwanaima alisimama katikati ya kicheko hicho kwa hasira, hakurudi mkekani. Mtani anaweza kusema lolote, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba hakuna anayelazimika kuamini pia.

Hemedy akainuka kwenye kiti chake. Mgeni rasmi alimtazama, na uso wake ulikuwa umeshaanza kukunjika.

"Mheshimiwa," alisema Hemedy, "huyu ni mtani wangu. Amenitania maisha yangu yote, namjua akitania. Sasa hivi hatanii." Akagusa mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. "Ufunguo nilimpa mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Daktari Abel alitazama viatu vyake kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja, na waliokuwa karibu walimwona.

Mwanaima hakungoja lingine. Akamchukua Zulekha mikononi mwa Tunu, akapanda ngazi za baraza, akaingia naye ndani kwa mlango wa mbele bila kuinama.